Kero Mbili

Vinusi vya Chilanje vilivuta pumzi kwa pamoja. Vilipandwa kuuzunguka mlima mzima, nguzo nyembamba za kijivu, kila moja na kichwa kilichofanana na ua la boga lililofumba. Maua yalifumbuka, yakavuta hewa ya asubuhi, yakafumba tena. Kisha nguzo ya langoni ikasema kwa sauti ya mama mpole wa makamo:

"Hewa ni njema. Kero mbili. Karibuni."

Dkt. Nakijwa Mfinanga alipita bila kugeuka. Sauti ile aliichagua yeye mwenyewe, enzi zile bado akifurahia kuchagua vitu. Sasa ilikuwa inamchosha kama redio ya jirani.

Chilanje haukuwa mlima wa Mungu. Ulikuwa dampo la Dodoma, taka za watu waliokwisha kufa na za wajukuu wao, zilizofunikwa udongo na kuoteshwa nyasi. Ndani yake Kampuni ya Usafi ya Tambarare ilijenga Tumbo. Hilo ndilo jina lake hasa, hata kwenye ramani za jiji: mtandao wa mashimo na mabomba ambamo vijidudu vilivyoundwa maabara vilikula plastiki mchana na usiku. Roboti ndogo zilizoitwa mende zilizoa taka mitaani na kuzimwaga kwenye koo la Tumbo, na Tumbo lilikula kila kitu. Na kama mlaji yeyote, lilitoa hewa.

Hiyo hewa ndiyo iliyompa Nakijwa ajira. Vipimo vya zamani vilizijua gesi kwa majina yake, moja moja. Tumbo lilitoa michanganyiko isiyo na majina, na kila vijidudu vilipobadilishwa chakula, michanganyiko nayo ilibadilika. Lakini pua ya binadamu haihitaji jina la kitu ili ijue kwamba kitu hicho hakimfai. Nakijwa aliunda akili mnemba, akaipa vitundu vya kuvutia hewa, akaifundisha kwa pua za watu. Mtu ananusa, anabonyeza namba. Mashine inanusa hewa ileile na kuikariri namba ya mtu. Baada ya maelfu ya mara, mashine ikaweza kunusa peke yake. Kipimo akakiita kero. Kero sifuri ni hewa ya baada ya mvua. Kero kumi ni ile inayomkimbiza mtu akaacha viatu. Sheria ya jiji ilikuwa fupi: chini ya kero tano, watu wanaweza kujenga na kulala.

Fedha ya kazi hiyo yote ilitoka Tambarare. Maabara ya chuo alichofundisha, karo za wanafunzi, hata majani ya chai. Msomaji aliyezoea hadithi za makampuni maovu atavunjika moyo hapa, kwa sababu mkurugenzi wa Tambarare, Ndahani Chilongola, alikuwa mtu mwema. Alikuwa Mgogo wa hapohapo, mrefu, mwenye kuinama kidogo anapokusalimia ili asikutazame kutoka juu. Alimwita Nakijwa dada. Hakuwahi kumwomba abadilishe matokeo hata mara moja, na Nakijwa alikuwa amejiandaa miaka yote kukataa.

Nakijwa alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka nao umekwisha. Miaka ya kupanda na kushuka Chilanje ilikuwa imeua pua yake. Alikula ugali na samaki kama anayekula karatasi, na akiunguza mboga alijua kwa macho. Hakumwambia mtu. Mtaalamu wa harufu asiyesikia harufu ni kichekesho, naye hakuwa na nguvu za kuchekwa.

Jumamosi ya wiki ile jiji lingekabidhi nyumba mpya za mteremko wa Chilanje kwa familia zilizohamishwa kupisha reli ya treni ya sumaku. Safu ya kwanza tayari ilikuwa na watu. Vyumba vyao vya zamani vilikuwa vimeshabomolewa, na waliobaki walikuwa wanalala kwa ndugu, vyombo vyao viko nje chini ya maturubai. Hakuna mwingine ambaye angeingia kabla Nakijwa hajasimama mbele ya watu na kusema kwamba vinusi vimeridhika. Siku hiyohiyo Ndahani angetangaza kwamba Tambarare inakijengea chuo jengo jipya la utafiti wa mazingira. Jina la Nakijwa lingeandikwa mlangoni. Alikuwa ameambiwa hilo kwa siri na watu wengi sana.

Jumatano Joram hakuja kazini. Joram ndiye aliyekuwa fundi wa vinusi, kijana wa Kigogo asiyependa maneno mengi, na alikuwa amepewa nyumba safu ya kwanza. Mtoto wake wa kike, Tabu, hakuamka asubuhi. Yeye na mkewe walimtikisa, wakamwagia maji, wakamkimbiza hospitali. Jioni Nakijwa alikwenda kuwapa pole.

Tabu alikuwa bado hospitali na shangazi yake, anapumua kwa mashine. Mama yake, Tausi, alikuwa amerudi kuchukua nguo. Hata hivyo alimwekea Nakijwa kiti, akamkaribisha chai. Nyumba ilikuwa nzuri, kuta nyeupe, dirisha linalojifungua lenyewe jua likipungua.

"Madaktari wanasemaje?" Nakijwa akauliza.

"Wanasema damu imekosa hewa," alisema Joram. "Wametuuliza kama tulilala na jiko la mkaa. Sisi hatuna hata mkaa."

"Poleni sana."

"Tumeshapoa, Daktari. Karibu chai."

Ndipo mlango ulipogongwa na kufunguliwa kwa pamoja, akaingia mama mnene mwenye kapu la maandazi. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, akavuta pumzi kwa kelele, akafunika pua kwa ncha ya kanga.

"Hodi nyie Wagogo. Mtoto anaendeleaje? Mungu atamponya. Lakini jamani, nyumba yenu inanuka yai viza. Mmepika mlenda mwaka juzi mkausahau kabatini?"

Joram akacheka. Kwa mara ya kwanza siku ile, Tausi naye akacheka huku machozi yakimtoka.

"Mama Sekinyaga, wewe Mhehe njaa ndiyo imekuleta," Joram alimjibu. "Sema tu unataka chai."

"Chai ya kwenye choo? Sinywi." Alikuwa tayari anavuta kiti.

Nakijwa alicheka pamoja nao. Wahehe na Wagogo ni watani tangu vita vya mababu. Wanaweza kuambiana lolote, hata msibani, na anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Alikuwa bado anatabasamu mkono wake uliposimama na kikombe.

"Joram," alisema. "Hapa ndani pananuka?"

Joram alitazama sakafu.

"Kidogo tu, Daktari. Tumeshazoea."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

"Na hukuniambia. Wewe ndiye fundi wangu."

"Vinusi vinasema kero mbili." Alisita. "Halafu ningesemaje? Nyumba tumeipata kupitia wewe. Mtu akupe nyumba, umwambie inanuka?"

Mama Sekinyaga alishusha kanga polepole.

"Mimi nilisema," alisema. "Kule ukumbini. Hukumbuki? Ukanitoa."

Nakijwa alikumbuka, akaona aibu ikimpanda shingoni.

Ilikuwa mwaka ule wa kuifundisha mashine. Wanusaji walitoka vijiji vya jirani, wengi Wagogo, watu wazima wenye afya. Chuo hakikuwa na ukumbi, hivyo Tambarare ikatoa wa kwake. Tambarare ikatoa basi. Tambarare ikapika pilau, na kila mnusaji akapewa kanga au shuka. Kila asubuhi Ndahani mwenyewe alikuja kuwasalimia mmoja mmoja, mkono kifuani, akiuliza habari za mifugo. Kisha hewa ya Chilanje ikaletwa katika mifuko yenye nembo ya Tambarare, na kila mtu akaweka uso kwenye kikombe cha mpira, akavuta, akabonyeza namba mbele ya wenzake na mbele ya mwenyeji.

Wakabonyeza mbili. Wenye ujasiri wakabonyeza tatu. Ni mtu gani aliyelelewa akalelewa angekula pilau ya mtu kisha amwambie kwao kunanuka?

Mama Sekinyaga alibonyeza tisa. Akageuka kwa Ndahani akamwambia amefuga maiti. Ukumbi ukavunjika mbavu, Ndahani akicheka kuliko wote, akamjibu kwamba Mhehe hajui harufu ya chakula kizuri. Mama Sekinyaga akabonyeza tisa tena, na tena. Siku ya tatu Nakijwa alimwita pembeni, akamshukuru, akampa nauli. Majibu yake yalikuwa mbali mno na ya wengine, na utaratibu wa sayansi unasema mpimaji wa namna hiyo anaondolewa. Kwenye ripoti aliandika kwamba mshiriki mmoja hakuichukulia kazi kwa uzito.

Kwa hiyo mashine ilijifunza vizuri sana. Ilijifunza pua za watu, ikajifunza na malezi yao. Kila ilipovuta uvundo wa Tumbo ilikumbuka kwamba iko ugenini, ikasema mbili, karibuni.

"Nilikuwa natania," Mama Sekinyaga alisema. "Lakini kunuka kulikuwa kunanuka."

Nakijwa aliwaambia Joram na Tausi wachukue nguo zao na za mtoto, wasilale tena pale. Walitii bila kuuliza. Akapita nyumba zote za safu ya kwanza akisema hivyohivyo. Wengi waliitikia ndiyo daktari, wakabaki wamesimama mlangoni, kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Alhamisi alirudia lile jaribio la kunusa. Hakuomba ukumbi. Alikaa na mifuko ya hewa isiyo na nembo chini ya daraja la treni, na Mama Sekinyaga akawaleta ndugu zake wauza mboga, Wahehe tupu. Hakuwapa chakula. Aliwaambia tu kwamba hewa hii ni ya Mgogo mmoja. Walibonyeza nane, tisa, kumi, wakaongeza na matusi ambayo mashine haikuwa na kitufe chake. Mmoja alikwenda kando akatapika.

Mwisho alimpa Joram kikombe. Joram alivuta hewa ya nyumba yake, ile iliyomlaza mwanawe. Hapakuwa na mwenyeji wala pilau, ni wao wawili na kelele za treni. Kidole chake kilikwenda kwenye tatu, kikasimama, kikapanda, kikatua kwenye tano. Akamtazama Nakijwa kama mtu aliyemtukana mzazi.

"Nimejitahidi, Daktari," alisema.

Ijumaa Nakijwa alikwenda ofisini kwa Ndahani. Alimweleza yote. Ndahani alisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kiti, akammiminia chai mwenyewe. Nakijwa alipomaliza, Ndahani alikitazama kikombe chake.

"Mtoto wa Joram?" aliuliza kwanza.

"Amefumbua macho leo. Hajaongea."

"Bili zote zije kwangu."

"Asante, kaka."

"Kwa hiyo kosa letu ni kwamba tuliwalisha wageni." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayejaribu kuliona jambo kwa mbali. "Ningewaacha na njaa, mashine ingesema kweli?"

"Labda."

"Nilikula nao meza moja, dada. Sikuwahonga."

"Najua. Ungewahonga ningegundua siku ileile."

Ndahani alisimama, akaenda dirishani. Kule chini mende zilikuwa zinapanda foleni kuelekea kwenye koo la Tumbo, taa zao zikimeta.

"Nikizima Tumbo, jiji hili linajaa taka ndani ya wiki mbili," alisema. "Familia zile hazina pa kurudi. Na bodi yangu haitajenga jengo la watu waliosema mashine yao wenyewe ni mbovu. Sikutishi. Nakuambia kitakachotokea, ili kisikushtue."

"Sijashtuka."

"Tunaweza kukabidhi kesho, kisha tukarekebisha taratibu. Tutoboe mabomba ya kutolea hewa. Miezi michache. Watu wakae madirisha wazi."

Nakijwa alichoka ghafla kiasi cha kutaka kulaza kichwa juu ya meza. Kulikuwa na akili katika maneno yale. Kulikuwa hata na huruma. Aliwaza wanafunzi wake na karo zao, akawaza mlango wenye jina lake.

"Wewe mwenyewe, dada," Ndahani aliuliza bila kugeuka, "ulipoingia nyumbani kwa Joram, ulisikia nini?"

"Sisikii kitu. Pua yangu ilikufa zamani."

Ndahani aligeuka akamtazama, na uso wake ukawa wa mtu anayetaka kutoa pole.

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambiaje? Ilifia kwako."

Alimaliza chai yake, kwa sababu ilikuwa imeshamiminwa, akaaga.

Jumamosi walikuja watu wengi. Mahema yalikuwa meupe, pilau ilikuwa inatokota nyuma ya jukwaa. Familia zilikaa mbele na vyombo vyao vimefungwa kwenye mashuka: masufuria, magodoro yaliyokunjwa, jogoo mmoja miguu imefungwa. Upepo wa Dodoma, ambao hauishi, ulikuwa unashuka kutoka mlimani moja kwa moja hadi kwenye viti. Nakijwa aliwatazama akitafuta uso mmoja uliokunjwa. Hakuuona. Walikaa wima, mikono mapajani, wanapumua kidogokidogo kwa mdomo.

Mama Sekinyaga alikuwa kando na kapu lake. Alimkonyeza.

"Nikusemee mimi?" alimnong'oneza Nakijwa alipopita. "Nitawaambia hawa Wagogo mlima wao umeoza."

"Watacheka, mama."

"Watacheka, ndiyo."

"Kisha watahamia."

Mama Sekinyaga alifikiri kidogo, akatikisa kichwa, akamwachia njia.

Ndahani alizungumza kwa ufupi. Hakutaja jengo. Nakijwa aliliona hilo, na hakujua kama ni adhabu au ni heshima. Kisha akasema, "Namkaribisha dada yangu, Daktari Mfinanga," akainama kidogo kama kawaida yake.

Nakijwa alisimama mbele ya kipaza sauti. Yeye ni Mpare. Watani wake ni Wachaga, wako mbali kaskazini, na hapa hakuwa na wa kumtania. Alikuwa mgeni wa Ndahani tu, aliyekula kwake miaka yote. Aliogopa, jambo lililomshangaza, maana alidhani ameshachoka mno kuogopa.

"Pananuka," alisema.

Akasubiri. Watu waliendelea kumtazama kwa upole, kama wanaosubiri sehemu ya kuchekesha.

"Sitanii. Hapa pananuka vibaya. Mimi sisikii, lakini ninyi mnasikia, na mlisikia siku zote. Mashine yangu iliwafuata ninyi. Mtoto wa safu ya kwanza yuko hospitali kwa sababu ya hewa hii. Msiingie kwenye nyumba hizi. Na wewe, kaka Ndahani, uniwie radhi, nimekula kwako, lakini mlima wako unanuka."

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya jukwaa mtu aliangusha mwiko.

Kisha mama mmoja wa mstari wa mbele, mwenye godoro miguuni na mtoto mgongoni, aliinua ncha ya kanga yake taratibu akaiweka puani. Alifanya hivyo akitazama chini, kwa haya. Jirani yake akamwona, naye akainua yake. Ikaenda hivyo kiti kwa kiti, mstari kwa mstari, kanga na leso na kofia na viganja vitupu, mpaka hema zima likawa macho tupu yanayomtazama. Wazee waliokuwa wamejibana tangu asubuhi walianza kukohoa.

Ndahani alikuwa wa mwisho. Alitoa leso mfukoni, iliyopigwa pasi vizuri, akaishika muda bila kuikunjua. Kisha akaziba pua.

Nakijwa peke yake ndiye aliyebaki na uso wazi. Pale langoni maua ya boga yalifumbuka, yakavuta hewa, yakafumba.

"Hewa ni njema," sauti ikasema. "Kero mbili. Karibuni."

Mama wa mstari wa mbele alinyanyua godoro lake, akaanza kutafuta njia ya kutokea. Joram alikwenda kuzima nguzo.